Kinu Kisicho na Mchi

Nilikuwa natafsiri maelezo ya picha: mnara wa mawe wa zamani huko Ufaransa, kileleni una mikono minne ya mbao ya kushika upepo, na ubavuni umeegemewa na ghala, zizi na nyumba ya msagaji. Nikaandika "kinu cha upepo", kama tulivyozoea. Kisha kalamu ikasita.

Kinu cha nyumbani kina mchi, na kazi yake ni kutwanga. Mnara ule hautwangi. Unasaga, jiwe juu ya jiwe. Kiswahili hakichanganyi mambo haya: mpunga hutwangwa, mahindi husagwa, mawe hupondwa. Ila kinu chenyewe ni neno tembezi. Unguja kilikuwapo kinu cha mafuta, ngamia akizunguka kutwa nzima hadi ufuta ukamuke. Usukumani kikaja kinu cha pamba, ambacho hakitwangi wala hakisagi, kinatenga nyuzi na mbegu. Na bado, hapo hapo Shinyanga, mama aliyejitwisha debe la mahindi hakuambii anakwenda kinuni. Anakwenda mashine.

Sasa twende Nyarugusu, Geita, kwenye machimbo ya dhahabu. Huko utasikia karasha kabla hujaliona. Jina lake ni la Kiingereza, na limekosewa tangu mwanzo, kwa sababu wenye lugha yao wanalitumia kwa mashine ya kuponda mawe yawe kokoto. Karasha la wachimbaji wadogo ni pipa la chuma lililolazwa, linazunguka na gololi za chuma tumboni, na mawe yaliyokwisha kupondwa kwa nyundo yanatoka humo yakiwa unga. Hicho ni kinu cha kusaga kuliko vinu vyote! Lakini mchimbaji hakungoja baraza wala kamusi. Amelipa hata wingi, makarasha, na mimi sitathubutu kumsahihisha.

Neno lililonitoa jasho si hilo, ni mwalo. Kwa wavuvi wa Ziwa Victoria mwalo ni pale mitumbwi inapotia nanga, samaki wakapimwa na kuuzwa. Kwa wachimba dhahabu ni eneo zima la uchenjuaji: karasha, dimbwi la maji, ubao wa kuoshea uliotandikwa kitambaa, banda la mifuko ya mawe, rundo la marudio, na mama ntilie pembeni. Nadhani neno lilipanda kutoka ufukweni pamoja na watu wake, maana pote pawili kuna maji, mzigo unashushwa, na mnunuzi anasubiri.

Marudio nayo yana hadithi. Ni mchanga uliobaki baada ya kuoshwa, ambao bado una dhahabu, na mara nyingi humbakia mwenye karasha. Msagaji wa Ulaya naye alijichotea kipimo chake katika nafaka ya mkulima. Wawili hao wangeelewana bila mkalimani.

Basi pale kwenye picha yangu, mnara ni kinu, sina ugomvi tena. Vile vibanda vilivyouegemea ndivyo vilivyokuwa havina jina la pamoja, na "majengo ya shamba yaliyoambatana" ni maneno ya kujaza fomu. Ile mikono minne pia nimeibadilisha. Wengi wangeandika mapanga, kwa kufuata pangaboi, na kwa ile mitambo 365 ya upepo iliyo karibu na Ziwa Turkana, Kenya, mapanga ni sawa kabisa. Mikono ya kinu cha kale, hata hivyo, ilivishwa kitambaa juu ya fremu ya mbao, na upepo ukizidi kitambaa kikapunguzwa, kama nahodha afanyavyo. Hayo ni matanga.

Maelezo yangu yamekwenda kwa mhariri hivi: "Kinu cha upepo cha mawe, matanga manne, pamoja na mwalo wake." Akilifuta hilo neno mwalo, nitamwomba nauli ya kwenda naye Nyarugusu.