Glavu za Mtoto wa Heynes

Makumbusho ya Taifa ya Iceland, jijini Reykjavík, yamehifadhi jozi ya glavu za mtoto zilizopatikana Heynes, magharibi mwa nchi hiyo. Ni za enzi za Waviking, takriban miaka 1000 iliyopita. Kila moja ina chumba kimoja cha vidole vinne na kingine kidogo cha kidole gumba, na kamba ndefu inaziunganisha zote mbili.

Mama yeyote aliyewahi kumvisha mtoto glavu ataielewa kamba hiyo bila kuelezwa. Mtoto hajui baridi inamfanya nini, anajua tu kwamba kuna kitu kimemziba mkono, naye hukivuta mpaka kitoke. Kamba ilipitishwa ndani ya mkono mmoja wa nguo, ikavuka mgongoni na kutokea mkono wa pili, hivyo glavu iliyovuliwa ikabaki inaning'inia badala ya kupotelea kwenye theluji.

Glavu hizo zilishonwa. Ufumaji kwa sindano mbili ulikuwa haujafika Iceland; uliingia kisiwani humo katika karne ya 16. Kitambaa cha glavu hizo ni sufu iliyofumwa kwenye kitanda cha mfumi, ambayo watu wa huko waliiita vaðmál. Kitambaa hicho hakikuwa nguo tu. Katika Iceland ya zama za kati kilikuwa fedha: watu walipimiana madeni kwa urefu wake na kulipia bidhaa kwacho. Kwa hiyo aliyekaa akakata vipande vidogo vya kutosha kiganja cha mtoto alikuwa anakata mali. Kwa maoni yangu kamba ile ilikuwa na kazi mbili, kulinda vidole na kulinda kitambaa.

Kwa nini glavu isiwe na vidole vitano? Vidole vikikaa pamoja hupashana joto. Kila kidole kikitengwa peke yake, eneo linalopoteza joto huongezeka. Kwa mtoto jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu ngozi yake ni nyingi ukilinganisha na uzito wake, hivyo mwili hupoa upesi kuliko wa mtu mzima. Tena mtoto wa miezi michache hukunja ngumi muda wote. Jaribu kuvipanga vidole vyake vitano kwenye vyumba vitano uone kama hamtalia wote wawili. Ndiyo maana glavu za watoto wachanga kabisa huachwa bila hata chumba cha gumba: ni kifuko tu chenye mdomo unaobana kifundo cha mkono.

Kwa karne nyingi sufu ilitegemewa sana katika nchi za baridi. Mwaka 1892, katika kijiji cha Lovikka kaskazini mwa Sweden, Erika Aittamaa aliagizwa afume glavu nene zitakazodumu. Aliziosha na kuzisugua kwa brashi mpaka nyuzi zikasimama kama manyoya, na glavu za Lovikka zingali zinafumwa leo. Hapo pana siri ambayo mafundi wa sufu wameitumia vizazi vingi. Sufu ikioshwa kwa maji ya moto na kusuguliwa, nyuzi zake hushikana na kunywea, kitambaa kikawa kizito, na kikikatwa kwa mkasi kingo hazifumuki. Sweta lililoharibika kwa kufuliwa vibaya huwa kitambaa kizuri cha glavu.

Kitambaa kingine kilifika mwishoni mwa miaka ya 1970, kutoka kiwanda cha Malden Mills katika jimbo la Massachusetts, Marekani: flisi, iliyotengenezwa kwa poliesta. Ni laini, hukauka haraka, nayo pia haifumuki ikikatwa. Mwaka 1993 kampuni ya Patagonia ilianza kuuza nguo za flisi iliyotokana na chupa za plastiki zilizotumika.

Vitambaa hivyo viwili vilionekana pamoja duniani kote tarehe 20 Januari 2021, Joe Biden alipoapishwa kuwa rais wa Marekani. Seneta Bernie Sanders alikaa kwenye kiti chake amevaa glavu kubwa za rangi ya udongo. Mwalimu wa jimbo la Vermont, Jen Ellis, ndiye aliyezishona kwa sufu ya masweta makuukuu na kutia flisi ya chupa kwa ndani.

Namna ya kushona haijabadilika sana tangu Heynes. Unalaza kiganja cha mtoto juu ya karatasi, unachora kukizunguka huku ukiacha nafasi ya mshono na ya kukua, unakata vipande viwili kwa kila mkono. Unavikutanisha uso kwa uso, unapitisha cherehani pembeni na kuacha mdomo wazi, unatia lastiki isiyobana, kisha unageuza. Fundi aliyezoea hamalizi saa moja.

Kwetu Afrika Mashariki vifuko hivi tunavijua kwa kazi nyingine. Mama anayejiandaa kujifungua hutia kwenye begi lake kofia, soksi za miguu na soksi za mikono, hata Dar es Salaam kwenye joto, ili mtoto asijikwaruze uso kwa kucha. Ziwe za baridi ya Reykjavík au za kucha za Temeke, zigeuze ndani nje kabla ya kumvisha mtoto na ukate kila uzi unaoning'inia. Uzi mmoja ukizunguka kidole cha mtoto unaweza kuzuia damu isifike, naye atalia bila mtu kujua sababu. Na kamba ya Heynes, pamoja na akili yote iliyomo, usiirudishe: kamba inayopita karibu na shingo inaweza kumnyonga mtoto. Zibane glavu kwa klipu kwenye kila mkono wa koti.