Panya wa Jeni za Binadamu

Mwambie mtu wa Mji Mkongwe kwamba kuna "panya wa kibinadamu", atadhani unamsifu panya kwa huruma, maana kwetu ubinadamu ni utu. "Panya mtu" ndiyo kabisa, yanukia uchawi. Wanaokusudiwa ni panya wadogo wa maabara, gramu 20 hadi 30, walioondolewa baadhi ya jeni zao na kuwekewa za watu mahali palepale.

Sababu ni hii. Panya akidungwa protini ya kirusi, mwili wake hutengeneza kingamwili za kupambana nayo. Lakini kingamwili hizo ni za panya. Mgonjwa akipewa, mwili wake huziona ngeni na kuzikataa. Ndipo wataalamu wa kampuni ya Regeneron, Marekani, wakabadilisha jeni zinazounda ile sehemu ya kingamwili inayomkamata adui. Ni kama kisu: makali ni ya mtu, mpini umebaki wa panya, kwa sababu seli za panya zinafanya kazi vizuri kwa mpini wao wenyewe. Dawa inapotengenezwa, mpini nao hubadilishwa ukawa wa mtu.

Matunda yake yalionekana kwa Waswahili wenzetu wa mashariki ya Kongo. Novemba 2018, Ebola ikiwa imeshamiri Beni na Butembo, yalianza majaribio ambayo hatimaye yalihusisha dawa nne. Mojawapo, REGN-EB3, ni mchanganyiko wa kingamwili tatu zilizotokana na panya hawa. Kati ya wagonjwa 155 walioipata, walifariki 52. Kati ya 154 waliopewa ZMapp, nyingine ya dawa hizo nne, katika kipindi hichohicho, walifariki 79. Oktoba 2020 Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa jina la Inmazeb.

Kuna panya wengine ambao watu huwadhania kuwa ndio hawa. Wao huzaliwa bila kinga, kisha hupandikizwa seli za damu za mtu. Wa kwanza walitangazwa mwaka 1988. Tofauti huonekana kwenye uzazi: panya wa jeni huwarithisha wanawe, panya wa seli hawarithishi kitu, kila kizazi hupandikizwa upya.

Kwa hiyo "panya wenye kinga ya binadamu" ni jina linalofaa kundi zima, lakini halitoshi kitabuni wala maabara. Mabaraza ya Kiswahili, BAKIZA hapa Unguja na BAKITA bara, yakiingiza istilahi hizi kamusini, ningependekeza vidahizo viwili:

panya wa jeni za binadamu: panya ambaye baadhi ya jeni zake zimebadilishwa kwa za mtu, na wanawe huzirithi.

panya wa seli za binadamu: panya asiye na kinga yake, aliyepandikizwa seli za mtu, wanawe hawazirithi.

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar akivisoma, atajua papo hapo ni yupi wa kumzalisha na yupi wa kumpandikiza.