Kanda Zilizofutwa, Barafu Iliyosahaulika

Leo nataka tuzungumze jambo ambalo kwa kulisikia tu linachosha: makasha ya kanda kuukuu, filamu zenye vumbi, na watu wanaolipwa kuzitunza. Nivumilieni kidogo. Ndani ya makasha hayo kuna historia ya dunia yetu kama ilivyoonekana kutoka angani, na sehemu yake ilinusurika kwa bahati tu.

Nianze na kisa kinachochekesha na kuumiza kwa wakati mmoja. Tarehe 20 Julai 1969, Neil Armstrong alipokanyaga mwezi, picha za televisheni kutoka kule zilipokewa na vituo vya Marekani na Australia. Kamera ile haikutumia mfumo wa televisheni za kawaida, kwa hiyo picha zilibadilishwa papo hapo kabla ya kurushwa kwa watazamaji, na katika kubadilishwa zikafifia. Picha asilia, zilizo safi zaidi, zilibaki kwenye kanda za sumaku. Miaka mingi baadaye watu wakaanza kuzitafuta kanda hizo. Mwaka 2009 NASA ikatoa ripoti yake: hazipo. Inaelekea zilifutwa ili zitumike tena, kwa sababu shirika lilikuwa na uhaba mkubwa wa kanda. Na mradi uliokuwa ukizihitaji sana mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikuwa Landsat, yaani setilaiti za kupiga picha ardhi yetu hii.

Mmeona hapo? Ili picha za dunia zipate pa kukaa, inaelekea picha za mwezi zilifutwa. Haikuwa hujuma. Kanda zilikuwa ghali, na zile zilionekana zimemaliza kazi yake.

Hoja yangu leo ni hii. Sisi wanahabari tunajua sana kushangilia siku ya kurusha roketi. Lakini thamani kubwa ya setilaiti huonekana miaka thelathini au arobaini baadaye, na huonekana tu kama kuna mtu aliyeamua kutunza kile ilicholeta, hata pale ambapo hakuna aliyejua kitatumika kwa nini.

SIKU 26 ZA NIMBUS

Tarehe 28 Agosti 1964 Marekani ilirusha Nimbus 1, setilaiti ya kuchunguza hali ya hewa. Haikumaliza hata mwezi. Tarehe 23 Septemba mabawa yake ya umeme wa jua yalikwama, ikanyamaza. Kazi yake ilikuwa kupiga picha mawingu. Picha zilitumwa chini, zikaonyeshwa kwenye skrini, kisha skrini yenyewe ikapigwa picha kwa filamu. Filamu zikatiwa kwenye makopo, makopo yakaingia stoo. Zikakaa humo zaidi ya miaka arobaini.

Nani angezihitaji? Mtabiri wa hali ya hewa hana shida na mawingu ya juzi, sembuse ya mwaka 1964.

Kumbe kati ya mawingu yale kulikuwa na barafu. Watafiti wa kituo cha taifa cha data za theluji na barafu kule Boulder, Colorado, wakiwemo David Gallaher na Garrett Campbell, walizifuata filamu zile, wakaziskani, wakaanza kutafuta mianya katikati ya mawingu ambamo ukingo wa barafu ya bahari ulionekana. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2013: Septemba 1964 barafu ya bahari inayozunguka Antaktika ilikuwa imetanda takriban kilomita za mraba milioni 19.7.

Kwa nini namba hiyo ni habari? Kwa sababu rekodi ya mfululizo ya barafu ya bahari kutoka angani inaanzia mwishoni mwa mwaka 1978, baada ya Nimbus 7 kurushwa. Mijadala mingi kuhusu barafu kuongezeka au kupungua ilikuwa ikianzia hapo. Makopo yale yakawapa wanasayansi dirisha la miaka 14 nyuma zaidi. Na hilo huwezi kulinunua. Unaweza kujenga kamera bora kuliko zote duniani, lakini haitapiga picha ya Septemba 1964.

VIPIMO VILIVYODHANIWA NI KOSA

Nimbus 7 hiyo hiyo ilibeba kifaa cha kupima ozoni, lile tabaka linalotukinga na miale mikali ya jua. Mwezi Mei 1985 Waingereza watatu, Joe Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, walichapisha katika jarida la Nature kwamba ozoni juu ya kituo chao cha Halley, Antaktika, ilikuwa ikipungua vibaya sana kila mwezi wa Oktoba. Walipima kutoka ardhini, kwa chombo cha kizamani, katika rekodi iliyoanza miaka ya 1950. Swali la kwanza la kila mtu likawa: setilaiti ilikuwa wapi?

Ilikuwepo, na ilikuwa imeona. Ila programu ya kompyuta iliagizwa kutilia shaka kipimo chochote kilicho chini ya vizio 180, kwa kuwa hakuna aliyetegemea ozoni kushuka kiasi hicho. Watu wa NASA walikuwa wameanza kuvichunguza vipimo hivyo vya ajabu, lakini Waingereza wakawatangulia kuchapisha.

Sasa hapa ndipo ninapotaka tusimame. Vipimo vile viliwekewa alama ya shaka, lakini havikutupwa. Data mbichi ilikuwepo. Wataalamu wakairudia yote, wakachora ramani, na mwaka 1986 ikathibitishwa kwamba tatizo halikuwa la kituo kimoja. Lilikuwa tundu kubwa lililofunika bara zima la Antaktika. Mwaka 1987 Itifaki ya Montreal ikatiwa saini kudhibiti gesi zinazoharibu ozoni. Hebu fikiria kama mtu angesema, "Vipimo vibovu hivi vya nini? Futa, tuokoe kanda."

PICHA MOJA, DOLA 4,000

Turudi kwenye Landsat, mla kanda wetu. Ya kwanza ilirushwa tarehe 23 Julai 1972. Kifaa chake kilichokuja kutegemewa kuliko vyote kilibuniwa na mhandisi mwanamke, Virginia Norwood. Mwanzoni kilionekana cha pembeni tu, wakubwa wakiamini zaidi kamera za mtindo wa televisheni zilizopanda pamoja nacho. Kikazipiku. Setilaiti ilikuwa inarudi juu ya eneo lile lile kila siku 18, tena na tena.

Mwaka 1984 Marekani ikapitisha sheria ya kuipeleka Landsat kwenye biashara binafsi, na kampuni ya EOSAT ikachukua usukani. Bei ya picha moja ikafika zaidi ya dola 4,000. Sina ugomvi na wafanyabiashara, lakini mfanyabiashara hupiga picha pale penye mteja. Nani alikuwa mteja wa picha ya Dodoma au ya Turkana mwaka 1987?

Kulikuwa na tatizo lingine la kiufundi. Landsat 5 haikuwa na kinasa cha kuhifadhia picha ndani yake. Ili picha ifike chini, ilihitaji setilaiti nyingine ya kuipokea, au kituo cha ardhini kilicho karibu. Ndiyo maana ukitafuta leo picha za miaka ya 1980 na 1990 za sehemu nyingi za Afrika unakutana na mapengo. Misitu ilikatwa, mito ikahama, miji ikapanuka, na hakuna picha. Mapengo hayo hayatajazwa kamwe.

Mwaka 1992 sheria ikabadilishwa na hifadhi ya taifa ya picha hizo ikawekewa msingi wa kisheria. Mwaka uliofuata Landsat 6 ikashindwa kufika angani. Aliyeokoa jahazi ni yule mzee Landsat 5, aliyerushwa Machi 1984 kwa kazi ya miaka mitatu. Alidumu karibu 29, hadi 2013.

Kisha ikaja 2008. Idara ya Jiolojia ya Marekani, USGS, ikafungua hifadhi yake yote bure kupitia intaneti. Kabla ya hapo walikuwa wakiuza makumi ya picha kwa siku. Baada ya hapo watu wakawa wanachukua maelfu. Kuanzia mwaka 2010 wakaanza kuomba vituo vya nchi nyingine virudishe nakala za picha vilizopokea miaka iliyopita, kwa kuwa nyingi hazikuwepo Marekani kabisa. Zaidi ya picha milioni 3 zikaongezeka hifadhini, pasipo kurusha roketi hata moja.

Tuna faida gani sisi? Chukua Kilimanjaro. Kuna picha mbili maarufu za Landsat, moja ya Februari 1993 na nyingine ya Februari 2000, zilizosambaa sana kuonyesha kilele kikipoteza weupe wake. Barafu ya mlima ule inapungua kweli, hilo halina ubishi. Lakini picha mbili peke yake zinaweza kukudanganya, kwa sababu theluji ya msimu huja na kwenda. Labda wiki moja kabla ya picha ilidondoka, labda haikudondoka. Ili utenganishe theluji ya wiki na barafu ya karne unahitaji picha nyingi, za miaka mingi, zilizotunzwa pamoja.

KANDA BILA MASHINE NI UTEPE TU

Kutunza si kuweka rafuni na kufunga mlango. Kanda ya sumaku hunyonya unyevu, gundi yake ikaoza. Na hata ikiwa nzima, ni mashine gani itaisoma?

Miaka ya 1960 NASA ilituma vyombo vya Lunar Orbiter kupiga picha mwezi. Agosti 1966 cha kwanza kilipiga pia picha ya dunia ikiwa imechomoza juu ya ukingo wa mwezi. Kanda za safari zile zilipokaribia kutupwa, mtunza kumbukumbu Nancy Evans alikataa. Baadaye akapata mashine chakavu za Ampex zenye uwezo wa kuzisoma, na kwa kukosa pa kuziweka akazihifadhi kwenye gereji ya nyumbani kwake, kwa takriban miaka ishirini. Hatimaye kikundi kilichoongozwa na Dennis Wingo na Keith Cowing kilizichukua, kikazifufua ndani ya jengo lililowahi kuwa mgahawa wa McDonald's katika kituo cha NASA cha Ames, California. Novemba 2008 picha ile ya dunia ikatoka tena, safi kuliko ilivyowahi kuonekana. Bila gereji ya mama yule, kanda zingebaki utepe wa plastiki.

Nikiwa mwandishi mchanga nalielewa hili vizuri. Nimepita chumba kimoja cha habari ambako kadi za kamera zilifutwa kila mwisho wa wiki. Kilichorushwa hewani kilibaki. Mahojiano kamili yaliondoka. Leo ukitaka kujua mzee fulani alisema nini zaidi ya zile sekunde ishirini, hakuna.

NA SISI JE?

Afrika Mashariki si wageni katika mambo haya. Waitaliano wana kituo cha anga Malindi tangu miaka ya 1960. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa kutoka majukwaa yake ya baharini setilaiti ya kuchunguza nyota, ikapewa jina la Uhuru. Malindi ni miongoni mwa vituo vilivyowahi kupokea picha za Landsat. Nairobi nako kuna kituo cha kanda cha ramani na picha za setilaiti kilichoanzishwa mwaka 1975.

Tarehe 15 Aprili 2023 Kenya ilirusha Taifa-1, setilaiti yake ya kupiga picha ardhi. Nilifurahi kama wengine. Bendera, hotuba, makofi. Lakini nikikaa mezani na wahusika nitakuwa na maswali matatu. Data mbichi inakaa wapi? Ina nakala ngapi, na moja iko mbali na jengo lile? Na nani atalipia utunzaji wake setilaiti ikishakufa? Siyo Kenya tu. Uganda na Rwanda nao wamerusha vyao vidogo, na maswali ni yale yale.

Bajeti ya kurusha ina wapiga picha. Bajeti ya kutunza haina, kwa hiyo ndiyo inayokatwa kwanza. Tukinyamaza itakatwa, na wajukuu wetu watakwenda kuomba kwa wengine picha za mashamba ya babu zao, kama wataambiwa zipo.

Naomba kuwasilisha.