Duka la Kambini: Kakuma Ilivyopata Soko Lake

Leo katika historia tunaongelea duka. Ndiyo, lile lile unalokopa sukari.

Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana wa Sudan waliotembea kwa miguu kutoka Ethiopia. Hakuna aliyepanga soko. Kilichopangwa ni mgao: nafaka, maharage, mafuta. Lakini mgao haukuja na kuni za kutosha, wala nyama, wala viatu. Kwa hiyo mtu alipima kikombe cha unga akampa mama Mturkana aliyeleta kuni au makaa. Walikuwepo waliolalamika: mbona wakimbizi wanauza chakula cha msaada? Swali zuri zaidi lingekuwa: chakula hicho kingepikwa na nini?

Maduka makubwa ya mwanzo yalikuwa ya Waethiopia na Wasomali. Waethiopia wengi walikimbia baada ya serikali ya Mengistu kuanguka mwaka 1991, na kambini wakafungua hoteli na maduka ya jumla. Msomali alikuwa na kitu ambacho benki haikumpa: ndugu wa Nairobi anayeweza kumtumia mali leo na kungoja pesa yake baadaye. Wengine walinunua jenereta, wakavuta waya kutoka nyumba hadi nyumba, wakauza umeme. Hakuna semina iliyowafundisha hayo.

Kisha ukaja mwaka 2015. Shirika la Chakula Duniani, WFP, lilianza Bamba Chakula. Sehemu ya mgao iligeuzwa kuwa pesa ndani ya simu. Ulipewa laini, na pesa ile ungeweza kuitumia kwa chakula tu, tena kwa mfanyabiashara aliyeandikishwa, awe mkimbizi au mwenyeji. Pombe na sigara hapana. Ukitaka ngano badala ya mahindi, shauri yako.

Tuangalie vizuri kilichotokea hapo. Zamani lori la msaada lilipita mbele ya duka bila kusimama. Sasa msaada wenyewe ulianza kuingia dukani. Mwenye kibanda aliyechaguliwa alijua kwamba kila mwezi wateja watakuja na pesa mkononi. Kwa uhakika huo aliweza kumshawishi mwenye duka la jumla ampe magunia kwa deni, akaajiri kijana wa kupima na mwingine wa kubeba kwa toroli. Ambaye hakuandikishwa alibaki akitazama foleni ya jirani. Hilo nalo tuliseme.

Mwaka 2018, IFC, tawi la Benki ya Dunia linaloshughulika na kampuni binafsi, lilitoa utafiti wake. Lilihesabu zaidi ya biashara 2,000 kambini, na likakadiria kwamba soko la kambi na mji wa Kakuma pamoja lina thamani ya shilingi bilioni 5.8 za Kenya kwa mwaka. Baada ya hapo benki na kampuni za simu zilianza kututazama kwa jicho jingine. Mama anayeuza mandazi hakushangaa. Yeye alikuwa anajua siku zote.

Lakini kuwa na wateja ni jambo moja, kukua ni jambo jingine. Nimeona mafunzo ya ushonaji yakitolewa mpaka mtaa mmoja una mafundi wengi kuliko nguo za kushona. Kila mmoja ana cheti na cherehani, na wote wananyang'anyana sare zile zile za shule. Wakati huo huo fundi aliyedumu miaka kumi, mwenye wanagenzi wanne, anatafuta mkopo wa kununua vitambaa kwa jumla na hapati, kwa sababu hana hati ya ardhi wala kitambulisho ambacho karani wa benki amekizoea. Anayeanza anasaidiwa, tajiri anajisaidia. Huyu wa katikati, ambaye angeajiri wengine watano, anapitwa.

Halafu kuna barabara. Mali nyingi inatoka Kitale, lakini mkimbizi hatoki kambini bila kibali cha kusafiri. Kwa hiyo anaagiza kwa simu, anatuma pesa, anamwamini dereva. Gunia likifika limelowa, hasara ni yake. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 inazungumzia haki ya kufanya kazi na kuingizwa katika uchumi wa nchi. Mfanyabiashara anaipima kwa jambo moja: je, ataweza kupanda gari mwenyewe akachague vitunguu vyake?

Na mgao unapopunguzwa, tazama daftari la madeni. Mteja hana, mwenye duka hana, mwenye duka la jumla anapiga simu. Kijana wa toroli ndiye wa kwanza kuambiwa akae nyumbani.

Wenye maduka, wiki ijayo studio ni yenu. Njooni na madaftari yenu. Majina ya wadeni hatutayasoma.