Nani Mwenye Moyo wa Mhusika? Historia ya Mapenzi katika Michezo ya Uhusika ya Mezani, 1974–2019

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi wamezoea kuyatafuta mapenzi katika riwaya, tamthilia na tendi. Katika tanzu hizo mhusika hupenda kwa sababu mtunzi ametaka apende. Msomaji huweza kufurahi au kununa, lakini hana uwezo wa kumzuia. Makala haya yanachunguza utanzu ambamo uhusiano huo umevurugwa, yaani michezo ya uhusika ichezwayo mezani, ambayo ilianza kuchapishwa nchini Marekani mwaka 1974. Swali letu ni moja: mhusika anapopenda katika mchezo wa namna hii, ni nani aliyemwamuru apende? Tunadai kwamba historia ya mapenzi katika michezo hii ni historia ya kuligombania jibu la swali hilo. Tunadai pia kwamba ugomvi wenyewe una uzito wa kimaadili, kwa kuwa anayenena kwa niaba ya mhusika ni mtu hai aliyeketi mbele ya watu hai.

Ni vyema kueleza kwanza jinsi mchezo wenyewe unavyokwenda. Watu wachache huketi pamoja. Kila mmoja hubuni mhusika wake na kunena kwa kinywa chake. Mmoja wao, ambaye hapa tutamwita msimamizi, huusimulia ulimwengu na kuwaigiza wahusika wengine wote waliosalia. Tendo linapokuwa na shaka, dadu hutupwa, na kanuni zilizochapishwa kitabuni hueleza matokeo. Matini, basi, haipo kabla ya utendaji. Mwanafunzi wa fasihi simulizi atalitambua jambo hili upesi, ila atagundua tofauti moja: hapa hadhira yenyewe ndiyo fanani, wala hakuna aliyekuja kusikiliza tu.

Chimbuko la Kivita

Asili ya michezo hii si mapenzi, bali vita. Mwaka 1824 afisa wa jeshi la Prussia, Georg Heinrich von Reisswitz, alichapisha kanuni za mchezo wa kuwafunza maafisa mbinu za kivita kwa ramani, dadu na mwamuzi. Desturi hiyo ilienea ikawa burudani ya raia. Mnamo 1969, katika jimbo la Minnesota, Dave Wesely aliandaa mchezo ulioitwa Braunstein, ambamo kila mchezaji alipewa nafasi ya mtu mmoja badala ya kikosi. Dave Arneson, aliyekuwa miongoni mwa wachezaji hao, aliiendeleza fikra hiyo, na mwaka 1974 yeye na Gary Gygax wakatoa Dungeons & Dragons.

Urithi huo wa kivita unaonekana bayana katika sifa sita zinazompima mhusika: nguvu, akili, hekima, siha, wepesi na haiba. Sifa ya haiba ndiyo iliyo karibu zaidi na mapenzi. Hata hivyo, kazi yake kuu ilikuwa kuamua ni wafuasi wangapi mhusika angeweza kuwaajiri na uaminifu wao ungekuwa wa kiasi gani. Mapenzi yanatajwa kwa kupita tu, pale kanuni zinapoeleza kwamba haiba yaweza kuamua iwapo mchawi wa kike aliyemteka mhusika atamgeuza nguruwe au atamweka kwa uganga awe mpenzi wake. Mfano huu mdogo una maana kubwa. Huba inaingia katika utanzu huu ikiwa aina ya utekwaji, na anayependwa hana kauli.

Ukimya wa Kanuni

Wako wanaoshikilia kwamba uchache huo wa kanuni ulikuwa neema. Kwa maoni yao, penye kanuni pana mipaka. Mapenzi yakiachwa nje ya kitabu, wachezaji huyasimulia wapendavyo. Hoja hii haifai kupuuzwa, kwani makundi mengi yamesimulia visa vya mapenzi vyenye kina bila msaada wa dadu hata moja.

Lakini ukimya wa kanuni hauna maana kwamba mamlaka hayapo. Huyahamisha tu kutoka kitabuni hadi kwa mwenye sauti kubwa mezani. Ushahidi wa jambo hili unapatikana katika Shared Fantasy, utafiti ambao mwanasosholojia Gary Alan Fine aliuchapisha mwaka 1983 baada ya kuchangamana na wachezaji wa Minnesota. Fine aliwakuta wanawake wakiwa wachache sana. Alibainisha kwamba, ingawa kwa nadharia mhusika wa kike angeweza kuwa na nguvu sawa na wa kiume, kwa vitendo mara nyingi wahusika wa kike walichukuliwa kama mali. Kitabu cha kanuni hakikuagiza hayo, wala hakikuyazuia. Wachezaji waliijaza nafasi iliyoachwa wazi kwa mazoea waliyotoka nayo kwao.

Huba Yapewa Namba

Badiliko la kwanza kubwa lilikuja mwaka 1985, Greg Stafford alipotoa Pendragon, mchezo uliojengwa juu ya hekaya za Mfalme Arthur. Humo tabia za shujaa zimepangwa kwa jozi zinazopingana, kwa mfano usafi wa mwili dhidi ya ashiki, na kila jozi ina jumla ya ishirini: upande mmoja ukipanda, wa pili hushuka. Zaidi ya hizo kuna hisia kuu, na huba kwa bibi fulani ni mojawapo. Shujaa akiiita huba yake wakati wa shida, mchezaji hutupa dadu. Akifaulu, mkono wa shujaa hupata nguvu. Akishindwa, huzuni humwelemea, na akikosa vibaya sana hurukwa na akili. Aidha, kila majira ya baridi mashujaa huoa na kupata watoto, na mtoto huirithi nafasi ya babake katika hadithi.

Mhakiki aweza kulalamika kwamba kuipa huba namba ni kuidunisha. Tunaona kinyume chake. Katika hekaya hizo za kale, huba ni nguvu inayomtawala shujaa hata akapata wazimu. Kanuni za Stafford zimeigeuza imani hiyo ikawa utaratibu wa mchezo. Dosari iko kwingine. Moyo unaopimwa ni wa shujaa, ambaye aghalabu ni mwanamume. Bibi anayependwa hana namba yake.

Mwaka 1991 Vampire: The Masquerade, mchezo wa Mark Rein-Hagen, uliligeuza suala hilo kuwa hofu. Anayekunywa damu ya mnyonya damu yule yule mara tatu hufungwa kwake kwa mapenzi yasiyo ya hiari. Yale ambayo mwaka 1974 yalitajwa kama tukio la kupita, hapa yametambuliwa kuwa ukatili. Mchezo huu, pamoja na mwelekeo wake wa kutilia mkazo hisia na siasa za wahusika, uliwavutia wanawake wengi kuliko iliyoutangulia.

Suala la Ridhaa

Kuanzia mwaka 2003 watunzi wadogo waliojichapishia kazi zao waliyaweka mapenzi katikati ya mchezo. Katika My Life with Master cha Paul Czege (2003), wahusika ni watumwa wa bwana katili, na upendo wanaoupata kwa wanakijiji ndio unaowapa uwezo wa kumwasi. Emily Care Boss, katika Breaking the Ice (2005), alimwondoa msimamizi kabisa: wachezaji wawili wanasimulia miadi mitatu ya kwanza ya wapenzi, na kabla ya kuanza wanachagua jambo moja linalowatofautisha, mathalani jinsia, kisha wanabadilishana. Hapa, tofauti na ilivyokuwa katika Pendragon, kila upande una kauli.

Monsterhearts cha Avery Alder (2012) kilirejea kwenye swali letu kwa njia ya kushtua. Wahusika ni vijana wa shule ambao kwa siri ni mazimwi. Mmoja akimvutia mwingine na dadu zikakubali, mchezaji wa anayevutwa hawezi kukana kwamba moyo umetikisika. Anachoamua ni namna mhusika wake atakavyouitikia mtikisiko huo. Kanuni hii imetenganisha mambo mawili yaliyochanganywa tangu 1974: kutamani, ambako hakuombi ruhusa, na kutenda, ambako hakuna budi kuwa na ridhaa. Katika Star Crossed cha Alex Roberts (2019), wapenzi wawili waliokatazwa kupendana huchomoa vipande vya mbao kutoka mnara mmoja. Mnara ukianguka, hawawezi tena kujizuia. Mkono wa mchezaji hutetemeka kwa sababu ile ile inayomtetemesha mhusika.

Si sadfa kwamba kipindi hiki ndicho kilichozaa pia taratibu za kuwalinda wachezaji wenyewe. Ron Edwards alipendekeza mwaka 2003 kwamba kundi likubaliane mapema ni mambo gani hayatasimuliwa kabisa na yepi yatafunikwa kwa pazia. John Stavropoulos naye alibuni kadi ambayo mchezaji yeyote aweza kuigusa ili tukio likomeshwe bila kuulizwa sababu. Watunzi walikuwa wameng'amua kwamba hisia za mhusika hupenya zikamfikia mchezaji, na za mchezaji zikamfikia mhusika.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba mamlaka juu ya moyo wa mhusika yamepita mikononi mwa mtekaji, mwenye sauti kubwa, dadu, na hatimaye makubaliano ya wachezaji. Haifuati kwamba kila hatua iliifuta iliyotangulia. Hata sasa yapo makundi yanayocheza kwa desturi ya 1974 na yale yanayofuata desturi za baadaye. Linalomhusu mhakiki ni kwamba vitabu vya kanuni, ambavyo aghalabu hupuuzwa kama maelekezo ya mchezo tu, vina nadharia ya mapenzi ndani yake: vinasema nani aweza kutamani, nani aweza kukataa, na nani hakuhesabiwa. Maswali hayo tumezoea kuyauliza tunapozisoma riwaya. Hatuoni sababu ya kutoyauliza tunapozisoma kanuni, hasa kwa kuwa asiyehesabiwa katika riwaya ni mhusika wa karatasini, ilhali mezani aweza kuwa ni mwenzetu aliyeketi kando yetu.