Ofisi ya pamoja

Ofisi ya pamoja ni mahali pa kazi panapotumiwa na watu wasio na mwajiri mmoja. Aina zake hutofautishwa na mkataba zaidi kuliko samani: meza huria hulipiwa kwa siku, meza ya kudumu kwa mwezi, na chumba chenye kufuli hukodiwa na kampuni ndogo. Vituo vya ubunifu, kama Hive Colab ya Kampala (2010), huongeza mafunzo na ulezi wa kampuni changa.

Orodha ya aina hizi husahau, isivyo haki, vyumba vya maduka vya Kilembe, Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda: wakala wa pesa za simu hukaa mlangoni, mpiga chapa na printa yake nyuma, fundi cherehani barazani, kodi na umeme huchangiwa.