Kupiga Picha Kisichochorwa

Jedwali lina mistari 400, skrini inaonyesha 30. Ukibonyeza kitufe cha Print Screen unapata hiyo hiyo 30. Iliyobaki haijajificha chini ya ukingo wa dirisha kama wengi wanavyodhani. Mara nyingi haijachorwa popote, na kisichochorwa hakipigiki picha. Waandishi wa programu za kompyuta ya mezani wamekuwa wakilizunguka tatizo hili kwa miongo kadhaa, na chanzo chake ni bei ya kumbukumbu enzi za mashine za kwanza zenye madirisha.

Mashine mama ilikuwa Alto, iliyotengenezwa mwaka 1973 katika maabara ya Xerox PARC huko California. Kila nukta ya skrini yake, pikseli 606 kwa 808, ilikuwa na biti yake ndani ya kumbukumbu. Mwaka 1975 Dan Ingalls, akishirikiana na Diana Merry, alibuni BitBlt: amri inayonakili mstatili wa nukta kutoka sehemu moja ya kumbukumbu na kuupachika kwingine. Jina hilo limo ndani ya Windows hadi leo, na programu nyingi za kunasa skrini zimeishi kwa amri hiyo. Ila BitBlt hunakili kilichopo tu.

Mwishoni mwa 1979 wahandisi wa Apple walitembelea PARC. Mmoja wao, Bill Atkinson, aliondoka akiamini ameona madirisha yaliyofunikwa yakichorwa vipande vyake vinavyoonekana tu. Hakuwa ameona kitu kama hicho. Wenyeji wake hawakuwa nacho. Kwa kuwa aliamini kinawezekana, alikaa akakibuni mwenyewe, na kikaingia katika kompyuta ya Lisa mwaka 1983, kisha Macintosh mwaka 1984.

Macintosh hiyo ilikuwa na kilobaiti 128 za kumbukumbu. Skrini yake ya pikseli 512 kwa 342, nyeusi na nyeupe tupu, ilikula baiti 21,888, yaani sehemu moja ya sita ya kumbukumbu yote. Kutunza nakala ya kila dirisha hakukuwezekana. Basi dirisha likifunikwa, picha yake hutupwa. Likifunuliwa, programu huagizwa ichore upya kipande kile. Windows ilishika njia hiyo hiyo. Ulikuwa ubahili, lakini ubahili wenye akili, na bila huo sijui nani angenunua mashine zile.

MacPaint, programu ya kuchora na kazi ya Atkinson pia, inaonyesha hesabu ilivyobana. Mchoro mzima ulikuwa pikseli 576 kwa 720, lakini dirisha lake lilionyesha 416 kwa 240. Aliyetaka kuona ukurasa wote ilibidi achague amri maalumu iliyouonyesha umepunguzwa.

Baadaye Windows 95 ilileta ujumbe uitwao WM_PRINT, ambao huiagiza sehemu ya dirisha ijichore kwenye picha iliyo kumbukumbuni badala ya skrini. Mwaka 2001 Windows XP ikaongeza amri ya PrintWindow, na mwaka 2005 .NET 2.0, jukwaa la Microsoft la kuandikia programu, ikaja na DrawToBitmap, zote kwa kazi kama hiyo. Mac OS X mwaka 2001, kisha Windows Vista, zilianza kuliwekea kila dirisha akiba yake ya picha, kwa sababu sasa kumbukumbu ilikuwa ya kumwaga. Wengi wakadhani tatizo limekwisha.

Halikwisha. Kufunikwa na dirisha jingine ni jambo moja, kukatwa na ukingo wa eneo la kusogeza ni jingine. Akiba ile hutunza dirisha kwa ukubwa wake lenyewe, na mstari wa 31 bado haumo.

Ujanja uliozoeleka ni kulinyoosha jedwali kwa muda hadi urefu wake kamili, kulichora, kisha kulirudisha. Hapo Windows huweka kizuizi: kwa kawaida haikubali dirisha kuu lizidi sana ukubwa wa skrini, hivyo mwandishi huliweka jedwali ndani ya paneli, ambayo haina mpaka huo. Nayo DrawToBitmap ina kasoro ambazo maelezo ya Microsoft yenyewe yanazitaja: vilivyo ndani ya paneli huchorwa kwa mpangilio wa kinyume, na kisanduku cha RichTextBox hutoa fremu tu, bila maandishi.

Upande wa Java mambo ni mepesi zaidi. JTable, jedwali la Java, hutumia kichoraji kimoja kinachogonga kila seli kama muhuri, kwa hiyo kuliamuru lijichore lote kwenye picha ni mistari michache ya kodi. Mshangao huja picha ikifunguliwa: vichwa vya safu wima havimo, kwa kuwa hivyo huchorwa kwenye fremu ya kusogeza, si ndani ya jedwali lenyewe.

Wengine huacha kodi na kutumia programu kama Snagit, ambayo husogeza, hupiga na kuunganisha vipande.

WPF, mfumo wa Microsoft wa kuunda madirisha ya programu uliotoka mwaka 2006, ulirudisha ubahili kwa sura nyingine. Orodha zake ndefu huunda mistari inayoonekana tu. Mingine haipo hata kama kitu ndani ya kumbukumbu. Anayetaka picha nzima huzima kwanza utaratibu huo, hupima orodha kwa urefu wote, kisha huipeleka kwa RenderTargetBitmap, inayoigeuza kuwa picha. Orodha ikiwa na mistari laki moja, kompyuta italazimika kuiunda yote, gharama ile ile ambayo utaratibu huo uliwekwa ili kuikwepa.